Ndoo ya Saba Haipewi Kitu

Mahindi ya shambani kwetu yalipogeuka zambarau mwaka wa tatu mfululizo, mama alisema yamependeza. Dada yangu akajibu kwamba kupendeza hakusagwi unga. Dada ni mshonaji. Maneno yake ni machache na yote yana ncha.

"Marehemu baba alituachia shamba, hakutuachia maua," alisema. "Tumkodishe Tofali, yaishe."

Tofali ni mfyatua matofali wa mtaa wetu. Jina lake la nyumbani tumelisahau, na nadhani na yeye yuko njiani kulisahau. Udongo wetu alikuwa ameutamani siku nyingi. Ni mwekundu na mzito. Ukiukanyaga baada ya mvua unarudi nyumbani na kiatu kimoja. Alitaka kuuchimba mpaka usawa wa kiuno, aufyatue, auchome, kisha aturudishie kitakachobaki.

"Yaani shimo," nilisema.

"Shimo safi, fundi. Kuta zimenyooka. Shimo kama hilo hulipati popote."

Sikumlaumu. Kila mtu huona vitu kwa jicho la kazi yake. Mimi ni fundi baiskeli, na sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua kitu, kupanga vipande vyake juu ya gunia, kisha kukirudisha. Kinachobaki juu ya gunia baada ya kurudisha ndicho somo la siku hiyo. Niliona si sawa kulitupa shamba kabla ya kujua limeharibika wapi, nikamwomba bibi shamba aje aliangalie.

Alikuja na pikipiki yake. Alichukua kiganja cha udongo, akaukoroga kwenye maji, akachovya kikaratasi, kikaratasi kikabadilika rangi, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mdeni wake wa zamani.

"Mchachu huu," alisema. "Chakula wanachokikosa mahindi yenu kinaitwa fosforasi, ndiyo maana majani yanakuwa zambarau. Na kinachochekesha ni kwamba fosforasi imo humu humu. Lakini udongo mchachu una chuma na alumini, na hao wawili wakiikamata fosforasi hawaiachii. Mahindi yapo karibu nayo kabisa, lakini hayaipati."

"Kama mjomba wangu na redio yake," alisema shemeji. Shemeji ni mume wa dada, kinyozi, na ana mjomba wa kila jambo.

"Hivyo hivyo. Hata umwage mbolea ya dukani, nyingi inakamatwa."

"Sasa dawa?" niliuliza.

"Samadi. Mboji. Majani mabichi. Vikioza udongoni vinafanya kama wale wageni wa harusi wanaofika mapema na kukalia viti vyote vya mbele. Fosforasi ikija inakuta viti vimejaa, inabaki imesimama. Mzizi ukipita unaishika mkono, wanaondoka."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akauliza ni harusi ya nani. Dada hakucheka. Alivuta futi yake ya kushonea iliyokuwa imening'inia shingoni.

"Siku hamsini," aliniambia. "Otesha kwenye chochote. Ukipata mche mmoja tu wa mahindi, wa kijani, unaofika hapa," akajipima kiunoni, "na ukaweza kutuambia umefikaje hapo, shamba linabaki. Ukishindwa, Tofali anaingia siku ya hamsini na moja."

"Naanza kunoa sepetu," alisema Tofali.

Nilitafuta ndoo saba za rangi zilizokwisha, za ukubwa mmoja. Nilizitoboa matako kwa spoki ya moto, matundu matano kila moja. Udongo niliuchota sehemu moja ya shamba, nikauchekecha, nikapima makopo kumi na mawili kila ndoo. Ya kwanza niliichanganyia samadi ya ng'ombe, ya pili mbolea ya kuku, na ya tatu majivu. Ya nne ilipata mboji niliyoivundika mwenyewe nyuma ya choo, ambayo niliionea fahari kuliko inavyostahili mboji. Ya tano nilitia majani ya alizeti mwitu niliyoyakatakata, ya sita unga wa mifupa. Ya saba sikuitia kitu, ila punje ya mahindi kama wenzake.

Hiyo ya saba ndiyo iliyoleta maneno.

"Na huyu?" aliuliza mama.

"Huyo hapewi kitu, mama."

"Kakosa nini?"

"Hajakosa. Ni wa kulinganishia. Bila yeye hatutajua wenzake wamesaidika kiasi gani."

Mama aliitazama ndoo muda mrefu. "Yaani akae hapa, awaone wenzake wanakula, ili wewe ujue kwamba wameshiba?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyekuzaa," alisema, akaingia jikoni.

Hapo nilifanya kosa, ingawa sikulijua. Ndoo nilizipanga ukutani, upande wenye jua, na ya saba ikaangukia mlangoni kwa jikoni. Anayekwenda kuchota maji anaipita. Anayenawa mikono anaipita. Mgeni akija kusalimia, anasalimia akiwa mbele yake. Tena niliiandika kwa rangi nyeusi ya baiskeli, herufi kubwa: YA SABA. HAIPEWI KITU. Nilidhani nimeandika onyo. Kumbe nilikuwa nimeivalisha bango la ombaomba.

Siku ya kumi na nane mambo yalikwenda kama bibi shamba alivyosema. Ya samadi na ya mboji zilikuwa za kijani. Ya majivu ilikuwa ikijikongoja. Ya saba ilikuwa fupi kama kidole, zambarau mpaka shingoni. Niliandika kwenye daftari: "Inaendelea vibaya. Vizuri sana."

Mama alipita na sufuria. "Pole, mwanangu," alisema.

"Asante, mama."

"Sisemi na wewe."

Tangu siku hiyo ya saba ikaitwa Yatima, na mimi nikaanza kuangaliwa kama baba wa kambo. Shemeji alikuja kuazima pampu ya baiskeli, akachuchumaa mbele ya ndoo akasema, "Lakini, shemeji, hata kidogo tu?" Nilimweleza habari ya kulinganisha. Alisikiliza kwa adabu zote, akaniuliza kama huwa nalala usingizi.

Siku ya ishirini na sita nilimpima Yatima kwa spoki niliyoitia alama, nikakuta ameongezeka vidole viwili kwa siku mbili. Nikapima tena. Nikabadilisha spoki. Siku ya thelathini alimfikia wa majivu. Siku ya thelathini na tano alikuwa anatazamana na wa samadi, na zambarau ilikuwa imebaki kwenye ncha za majani ya chini, kama mtu aliyeoga akasahau visigino.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu, kwa hiyo nilianza na mimi mwenyewe. Labda sepetu yangu ilikuwa na mabaki ya mboji. Labda jua la mlangoni ni bora kuliko la ukutani. Nilimhamisha Yatima nikamweka nyuma ya pipa la maji, mahali pasipopita mtu. Akaendelea kukua. Niliandika: "Mama sasa anakwenda kuanika nguo kwa kuzunguka nyuma ya pipa. Mazoezi?"

Niliandika na mengine. Shemeji alikuja kuazima pampu mara saba, na baiskeli yake haina magurudumu tangu mwaka juzi. Dada alikuja kumpima mama gauni mara nne, gauni lile lile. Tofali alipita "kukagua kina cha udongo", ingawa shamba liko upande wa pili wa barabara na kwetu uani kuna saruji. Yote nimeyaandika kwa tarehe. Kuyaunganisha tu sikuyaunganisha.

Siku ya hamsini ikawa Jumamosi asubuhi. Mama alitoa mkeka. Bibi shamba alikuja kama shahidi. Tofali alikuja amevaa shati la kuingilia mkataba, na amebeba sepetu yake na tofali moja lililochomwa la kuonyesha ubora. Dada alipima ndoo moja moja kwa futi yake, akitaja hesabu kwa sauti, nami nikaandika.

Ya mboji ilikaribia kiuno chake ikapungukiwa kidole kimoja. Nilimwomba anyooshe jani la juu. Alinyoosha. Bado kidole.

"Kapunguze kisigino cha kiatu, mke wangu," alisema shemeji.

"Navaa kandambili," alisema dada.

Ya samadi ilipungua zaidi, na nyingine zote zikapungua zaidi ya hiyo. Halafu ikatolewa ya saba kutoka nyuma ya pipa. Haikuhitaji futi. Ilimpita dada kiunoni kwa vidole vinne, majani mapana, ya kijani kile kinachokaribia weusi.

Mama alikuwa anatabasamu kama mama wa bwana harusi.

Tofali ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama. "Jamani! Ndoo isiyopewa kitu imewashinda waliopewa! Maana yake samadi, sijui mboji, sijui harusi, yote hewa. Udongo hautaki kitu. Shambani umegoma tu, na mgomaji dawa yake tanuri."

Dada hakuonekana kufurahi, na hilo nililiona. Alikuwa anaikunja futi na kuikunjua. "Mdogo wangu," alisema, taratibu kuliko kawaida yake. "Kijani, nimeona. Kiuno, nimepima. Imefikaje hapo? Tuambie."

Shamba lote la baba lilikuwa limesimama juu ya jibu moja, na mimi mwenye daftari kurasa sitini sikuwa nalo.

"Sijui," nilisema.

"Basi." Tofali akashika sepetu.

"Ngoja," nilisema. "Sijaifungua bado."

Nikatandika gunia. Nikaipindua ndoo ya saba, nikaigonga matako, donge zima likatoka na mizizi yake. Nikaanza kulivunja polepole na kupanga nilichokiona, kama ninavyopanga gololi na nati za gurudumu. Udongo wenyewe haukuwa mwekundu tena. Ulikuwa wa kahawia, laini, na minyoo wawili walitoka wakiwa wamekasirika.

"Minyoo hao sikuwaleta mimi," alisema shemeji haraka, kabla hajaulizwa kitu.

Kwanza vilitoka vipande vyeupe, vilivyochomwa na kutwangwa. "Mifupa," nilisema. "Ya supu."

Mama aliangalia juu, ambako hapakuwa na kitu.

Kisha majani ya chai, mengi. Kisha maganda ya mayai. Mama akazidi kuangalia juu.

"Mama?"

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema. "Umenisikia? Kijiko kimoja asubuhi. Kijiko! Wewe nilikuwa nakupa vitatu, na hukukua hivi."

Nikaendelea. Nikatoa kitu cheusi, laini, kimejikunja. Nikakiinua kwenye mwanga.

"Nywele," alisema bibi shamba, akasogea nyuma.

Wote tukamgeukia kinyozi.

"Nywele ni mali," alisema shemeji. "Mjomba wangu alikuwa anafukia nywele kwenye migomba. Nimeleta safi tu. Hizo ni za mwalimu mkuu. Hizo fupi ni ndevu za karani wa posta, ana ndevu zenye nguvu sana."

Chini ya ndevu za karani kulikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa cha maua, kimeshonwa kwa mashine, pindo mbili, na harufu ya banda la kuku. Cha pili kikatoka. Cha tatu. Pindo zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Dada," nilisema.

Dada aliikunja futi yake upya. "Nilikuwa napita."

"Mara nne?"

"Mtoto ananitazama, nifanye nini? Na usidhani nimebadili mawazo kuhusu shamba. Shamba ni shamba. Nilitaka tu afe akiwa ameshiba."

"Na kifuko?"

"Nimshikishe mbolea mkononi kama mshamba?"

Bibi shamba alikuwa amekaa chini, ameficha uso kwenye kofia yake ya pikipiki, mabega yanatikisika. "Miaka yote ya kazi hii," alisema akiwa humo humo ndani, "sijaona ndoo ya kulinganishia iliyolishwa na kamati."

Kilichobaki ni tabaka la majivu. Nilijua majivu ya jikoni kwetu: meupe na mepesi. Haya yalikuwa ya kijivu, mazito, na ndani yake mna vipande vidogo vyekundu vilivyoungua. Nilichukua kimoja nikakiweka karibu na tofali la maonyesho.

Tofali aliweka sepetu chini.

"Nililelewa na mama wa kambo," alisema. "Nilikuja kukagua udongo kwa nia safi kabisa. Nikakuta wenzake wanene, yeye kakonda, na lile bango. Haipewi kitu! Fundi, mtu anaandikaje maneno kama yale? Nikarudi na kofia moja ya majivu ya tanuri. Basi. Kofia mbili. Ile ya tatu haikujaa."

"Ukalisha shamba unalotaka kulichimba?" aliuliza mama.

"Mama, shamba ni biashara. Huyu ni mtoto."

Mimi bado nilikuwa nimechuchumaa mbele ya gunia, na vipande vilikuwa vimepangwa. Nikaviangalia kama ninavyoangalia baiskeli iliyofunguliwa, na polepole nikaona mnyororo unavyozunguka.

"Samadi ya kuku na majani ya chai vimekalia viti," nilisema. "Majivu na maganda ya mayai yamepunguza uchachu, chuma na alumini vikalegeza mikono. Na mifupa ndiyo iliyoleta fosforasi mpya, ikafika ikakuta viti vimejaa. Ndoo nyingine zilipata kimoja kimoja. Hii ilipata vyote. Ndivyo ilivyofika hapo."

"Na nywele?" aliuliza shemeji.

"Nywele zimeleta moyo," alisema bibi shamba.

Dada alikuwa ananitazama. Tofali alikuwa anamtazama dada. Ningenyamaza hapo ningekuwa nimeshinda, lakini haikuwa haki.

"Ila," niliongeza, "ukweli sina vipimo. Mlikuwa mnaweka bila kuandika. Hatuwezi kuwa na hakika ni kipi kimefanya kiasi gani."

"Shemeji," alisema shemeji, "unashinda. Funga mdomo."

"Lete hilo daftari," alisema dada. "Kama unataka vipimo, kila mtu ataje chake kiandikwe." Akalinyakua, akaanza kufunua kutafuta ukurasa mtupu, kisha akasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akasoma kwa sauti:

"Siku ya ishirini na tatu. Kikombe kimoja cha maji ya mboji kwenye ya saba. Mvua ilikuwa inakuja na alionekana anaogopa. Isirudiwe." Akafunua. "Siku ya ishirini na nne. Imerudiwa."

Sijawahi kuona watu wanne wakinitazama kwa furaha kiasi kile. Mama alinishika bega. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba hakuzaa jiwe. Nilitaka kueleza kwamba ilikuwa mara mbili tu, lakini dada alikuwa anafunua kurasa nyingine, nikaona ni heri ninyamaze.

Alilifunga daftari. Akavua futi shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

"Kijani. Kiuno. Na kimeelezwa, tena kwa maandishi," alisema. "Neno langu ni neno. Tofali, pole sana."

Tofali aliangalia sepetu yake iliyonolewa siku hamsini. "Na yale majivu yangu?" aliuliza. "Tanurini yanajaa mpaka sina pa kupita. Mnayataka?"

"Tunayataka," nilisema.

"Basi nitaleta mwenyewe," alisema, "ili nimwone anaendeleaje." Alikuwa tayari anamrudishia Yatima udongo mizizini.

Tulichanganya vyote kwenye shamba kabla ya mvua: samadi, mboji, alizeti mwitu, majivu ya Tofali, mifupa ya mtaa mzima. Shemeji alileta gunia la nywele na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkatalia. Safari hii niliweka vipimo, na niliacha mstari mmoja bila kitu chochote, kwa ajili ya kulinganisha. Niliuweka katikati ya shamba, mbali na njia. Niliuwekea kijiti kitupu, bila maandishi, na sikumwambia mtu.

Wiki ya sita baada ya kupanda nilikwenda kuupima alfajiri, kabla sijafungua karakana. Nilitembea shamba lote kutoka ukingo hadi ukingo. Kijani, kijani, kijani. Kijiti nilikiona, lakini mstari wenyewe ulikuwa haujulikani na wenzake. Upande mmoja wa kijiti palikuwa na majivu ya kijivu, upande wa pili nyuzi za kitambaa cha maua.

Na mwishoni mwa mstari, mama alikuwa ameinama na kopo.

"Mama," nilisema. "Hapa si ndipo palipokuwa na ule mstari?"

Mama alinyooka. Kopo likaenda nyuma ya mgongo. "Mstari gani?"

"Ule usiopewa kitu."

"Mimi nimekuja kutembea tu," alisema. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Na wewe, hapo nyuma umeficha nini?"

Nilisogeza mkono zaidi nyuma, na maji ya mboji yakanimwagikia kisigino.

"Spoki, mama," nilisema.